Majani ya Ng'ombe, Miaka ya Vita

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja ya miaka ya vita, nilipoamka nikakuta mundu wangu haupo ukutani. Kwa umri nilikuwa bado msichana, ingawa nilikuwa mke wa mtu na mama wa mtoto mmoja. Mume wangu, Elisante, alikuwa amechukuliwa jeshini na Waingereza. Nilibaki Machame na mama yake, pamoja na mtoto wetu Ndesario aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea.

Wewe umekulia mjini Moshi, hivyo nikueleze. Ng'ombe wetu siku zile hakuchungwa. Aliishi ndani ya nyumba, nasi wanawake tulimletea chakula. Migomba ya kihambani, shamba letu la nyumbani, ilitoa kidogo, lakini majani ya kumshibisha yalikuwa chini kabisa, tambarare. Kukipambazuka tulishuka na miundu, tukakata, tukafunga mzigo, kisha tukaupandisha kichwani mlima wote ule. Mwanzoni niliifanya kazi hiyo kwa furaha. Nilijiambia Elisante akirudi atamkuta ng'ombe amenona, naye atajua ameoa mke.

Kisha barua za Elisante zikakatika. Kila Jumapili baada ya ibada wenzangu waliitwa wakapokea za kwao, mimi nikarudi nyumbani mikono mitupu. Mwezi wa kwanza nilivumilia. Mwezi wa tatu sikuona tena sababu ya kushuka tambarare. Nilisema mguu unauma. Kesho yake nikasema kichwa. Nikawa namkatia ng'ombe vigogo vya migomba tu, na maziwa yakapungua hadi yakafunika kitako cha kibuyu basi. Mama mkwe aliyaona yote hayo.

Basi asubuhi ile mundu haukuwepo, na mama mkwe hakuwepo. Nilimfunga Ndesario mgongoni nikateremka mbio, maana mama yule alikuwa na goti bovu lililovimba kila masika. Nilimkuta amekwisha kupanda nusu ya njia. Amekaa kando ya mfereji wa maji, mguu ameunyoosha, mzigo wa majani uko pembeni. Goti lilikuwa kubwa kama kichwa cha mtoto. Niliona aibu ambayo mpaka leo, nikiikumbuka, masikio yanapata moto.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Nisaidie kuinuka."

Sikumwinua. Nilikaa chini nikaanza kulia. Nikamwambia, "Mama, sina moyo tena wa kazi hii. Moyo wangu haupo hapa."

Alinitazama bila hasira. Alisema kwa Kichagga, nami nakupa kwa Kiswahili kama ninavyoweza: "Anaeli, mimi nilikuomba moyo? Nilikuomba majani. Huyu ng'ombe hajui kama umekuja unacheka au unalia. Anajua kama ameshiba."

Kisha akanieleza jambo ambalo hakuwahi kunieleza. Alipofiwa na mumewe, Elisante akiwa mdogo, alikata majani huku akilia msimu mzima. Siku nyingine alifika nyumbani asijue amepita njia gani.

"Ulipata wapi nguvu?" nikamuuliza.

"Sikuwa nazo. Nilikuwa nikiamka sijiulizi kama nataka kwenda. Nafunga nguo, nachukua mundu, natoka. Wewe njoo mpaka hapa mferejini. Ukifika hapa ndipo ujiulize. Ukitaka kurudi, rudi, sitakuuliza kitu."

Nilimbebea mzigo. Yeye alipanda nyuma yangu ameshika fimbo, tukapumzika mara nyingi.

Kesho yake niliamka na uzito uleule. Nilifunga nguo, nikachukua mundu, nikafika mferejini. Nilipojiuliza, nikaona nimekwisha kutoka, majirani wako mbele wanazungumza, bora niendelee. Ikawa hivyo siku baada ya siku. Sitakudanganya, mwanangu, siku moja niligeuka kweli. Nilirudi nikalala. Mama mkwe alitimiza ahadi yake, hakuniuliza kitu. Siku iliyofuata nikashuka. Furaha ya zamani haikurudi upesi, lakini maziwa yalirudi.

Masika ile ile surua ikaingia kijijini. Ndesario aliungua na homa, akakataa ndizi, akakataa uji. Kitu kimoja tu kilipita kooni mwake, maziwa, kijiko kimoja kimoja, mimi nikimshika na bibi yake akimnywesha. Siku ya sita alifungua macho akaniomba ndizi. Mama mkwe aliweka kijiko chini, akatoka nje, nikamsikia anaimba wimbo wa kanisani peke yake huko kwenye migomba. Ndesario huyo ndiye baba yako.

Barua ilikuja baadaye sana, na Elisante mwenyewe akaja vita vilipokwisha, amekonda, mzima. Nilimshukuru Mungu. Lakini kila nikishukuru, namshukuru na yule mama aliyeshuka mlima kwa goti bovu badala ya kunitukana.

Nimesikia umechoka na masomo ya ualimu, kwamba hamu imekwisha. Sikulaumu. Hamu huja na kuondoka kama mgeni, na huwezi kumfungia mgeni mlango asiondoke. Wewe weka saa yako ya kazi, na saa ikifika anza, hata kwa ukurasa mmoja. Usisubiri upende kwanza. Siku ukishindwa, lala, na kesho yake rudi mahali pako bila kujitukana. Na ukumbuke kuna mtu atakayeshiba kwa kazi hiyo, ingawa leo humjui.

Mungu aiangalie mikono yako siku moyo wako ukiwa mbali. Akupe watu wa kukungoja njiani, na akufikishe nyumbani salama, mwanangu.