Mkokoteni X6

Jirani yangu Nikolao, ambaye tunamwita Baba Gideoni, alikuwa fundi wa karakana ya jeshi kwa miaka ishirini na sita, na jeshi halijamtoka. Alipostaafu na kurudi Newala alianza kuunda mikokoteni ya kupandishia maji kutoka kisima cha bondeni. Kila mmoja aliuandika kwa rangi nyeupe: X1, X2, X3. Nilipomuuliza maana yake, alifurahi kama aliyekuwa akilingoja swali hilo. Katika baadhi ya majeshi ya nje, alisema, chombo chenye X bado kiko kwenye majaribio, askari hapewi aende nacho kazini. Wamarekani walikuwa na kifaru XM1. Kilipofaulu, X ikaondolewa, kikabaki M1.

Sawa, lakini sisi hatukuwa na vita, tulikuwa na kiu. Mkewe Anastasia alikuwa akipanda mlima ule na dumu kichwani, mgongo unamuuma, na huku uani X6 imeegeshwa na breki yake mpya, imebebeshwa mifuko ya mchanga. X4 iliwahi kumponyoka mzee ikateremka hadi kwenye muhogo wa watu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka: mwaka mzima akawa anaijaribu X6 kwa mchanga tu. Mimi nilikasirika kwa niaba ya mgongo ule.

Mwezi wa saba Nikolao alikwenda hospitali ya Ndanda kutolewa mtoto wa jicho. Aliporudi, kitu cha kwanza alichokiona vizuri ni tope kwenye magurudumu ya X6.

"Mama Gideoni, nani kaigusa hii?"

"Mimi. Safari kumi na tisa, madumu matatu kila safari. Breki imeshika zote. Ila mpini unaumiza viganja, uuzungushie mpira."

Nilingoja ngurumo. Yeye akavuta kigoda, akatoa daftari, akamwomba arudie habari ya mpini polepole.

"Na pale kwenye kona ya mawe?"

"Nilisimama nikapumzika. Haikurudi nyuma hata kidogo."

Nikolao akaliandika na hilo. Kisha akaleta kopo la rangi na brashi, akampa mkewe.

"Fundi hajipasishi mwenyewe," alisema. "Anayekipasisha chombo ni aliyekitumia."

Anastasia akaifunika ile X kwa rangi, akicheka mpaka machozi yakamtoka. Asubuhi yake Nikolao mwenyewe alikuwa kwenye foleni ya kisima katikati ya wanawake, mpini umeshazungushiwa mpira, akimweleza kila aliyeuliza, na asiyeuliza pia, kwamba ile sasa ni Sita, Sita tupu.