Fundi wa Gemu Kutoka Kalinzi

Buzebazeba nzima, pale mjini Kigoma, ilijua kwamba Feliksi ni Mha wa kijiji cha Kalinzi, na Buzebazeba nzima ilikuwa imedanganywa. Kalinzi yenyewe Feliksi aliiona mara moja tu, akiwa amepakiwa kwenye pikipiki, mvua inamchapa usoni. Alikuwa Mrundi wa Bujumbura. Mwaka 2015 alivuka mpaka na mama yake hadi Kagunga, akalala ufukweni pamoja na maelfu ya wenzake, akaletwa Kigoma na meli ya Liemba, akapelekwa kambini. Baada ya mwaka na ushei akatoka asubuhi na kidumu mkononi kama anayefuata maji. Maji hayo ameyafuata mpaka leo.

Mkimbizi hatoki kambini bila kibali, na Feliksi kibali hakuwa nacho. Alichokuwa nacho ni Kirundi. Mtu wa mjini akikisikia nusunusu anadhani ni Kiha cha milimani, na yule mwenye sikio kali alikuwa na haraka ya zamu yake ya gemu. Akikamatwa angerudishwa kambini, na mwaka huo wa 2019 kambini hapakuwa na mazungumzo mengine isipokuwa malori ya kurudi Burundi. Kwa Feliksi, Burundi ni ule mtaa ambao kaka yake alitoka kwenda kununua mkate. Mkate haujafika.

Kwa hiyo kila siku alifungua banda la gemu la Bi Hidaya, akapangusa vioo vya kompyuta nane, akawa wa Kalinzi tena mpaka jioni.

Kompyuta zile Bi Hidaya, mjane wa Ujiji mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara, alizinunua mnadani. Zilikuwa za mradi fulani wa kuwakwamua vijana. Mradi ulifungwa, ukaacha mabango matatu, fulana nyingi mno, na kompyuta nane zenye Linux, mfumo wa bure unaowekwa badala ya Windows. Vijana walibaki palepale walipokuwa wamekwama, ila sasa wana fulana.

Shida ya Linux ni kwamba gemu nyingi zimeandikwa kwa ajili ya Windows. Kuweka Windows ya wizi kulijaribiwa kabla ya Feliksi. Katika wiki moja flashi za wateja ziliijaza virusi mpaka kompyuta zikawa zinajizima zenyewe kama wazee msikitini wakati wa mawaidha. Feliksi, ambaye kwao alisoma kompyuta miaka miwili kabla ya chuo kumshinda kwa milio ya risasi, alirudisha Linux na kuleta njia mbili. Tangu hapo banda liligawanyika kama chama cha siasa.

Njia ya kwanza: gemu ambayo watengenezaji wake walikaa chini wakaiandika kwa ajili ya Linux yenyewe. Hiyo ukiiweka inacheza, haidai fundi. Ubaya wake, watengenezaji wakiona watu wa Linux ni wachache, wanaitelekeza. Ile ya mpira iliyokuwepo bandani ilikuwa na timu za zamani. Nusu ya wachezaji wake walishastaafu na golikipa mmoja alikuwa marehemu.

Njia ya pili: unachukua gemu ya Windows kama ilivyo, unaiwekea programu ya katikati, mkalimani. Gemu inaomba kitu kwa lugha ya Windows, mkalimani anakigeuza, Linux inajibu, mkalimani anarudisha jibu. Hata diski ya C, ile ambamo Windows hukaa, anaitengeneza ya uongo. Gemu inaishi humo maisha yake yote ikiamini iko kwao. Lakini kila kinapobadilika kitu kidogo, mkalimani anapoteza maneno, na lazima fundi awe karibu.

"Mimi nakwambia, gemu ya Linux yenyewe ndiyo gemu," Samson alikuwa akisema. Samson alifundisha hesabu, na kila likizo alihamia bandani. "Hii ya mkalimani jana imekufa nikiwa nafunga goli."

"We hujawahi kufunga goli, mwalimu, usisingizie programu," akajibu Ashraf, mchuuzi wa dagaa aliyekuja moja kwa moja kutoka soko la samaki la Kibirizi, na kila padi ya kuchezea aliyoishika ilinukia soko hadi kesho yake. "Kwako wewe bora marehemu golini. Angalau hakusumbui."

"Fundi, amua!" wakasema wote wawili.

"Zote zinacheza," Feliksi alisema, macho kwenye maandishi meupe yaliyokuwa yakishuka juu ya kioo cheusi.

"Basi tuwekee zile za kucheza na watu wa mbali," akasema Ashraf.

"Hizo tusiguse. Zina mlinzi ndani yake. Akinusa kwamba kuna mkalimani, anasema umekuja kuiba, anakufungia mlango."

Mambo yaliharibika kwa sababu ya sifa. Siku moja alikuja Skolastika, afisa maendeleo ya jamii wa kata, kukagua kama banda linaingiza watoto wa shule. Watoto hakuwakuta. Alikuta gemu ya Windows inacheza kwenye kompyuta isiyo na Windows. Feliksi alipomweleza, akakaa kwenye benchi na kuvua miwani.

"Kwa hiyo kompyuta zote za ofisi zilizotupwa stoo zinaweza kufanya kazi na programu zetu?"

"Baadhi, dada. Si zote."

"Baadhi! Kaka, wewe ni mbunifu. Mwezi ujao kuna maonyesho ya wabunifu wa mkoa. Kigoma tumepeleka mawese miaka mitatu mfululizo, watu wametuchoka."

Akatoa fomu. Jina kamili, namba ya kitambulisho cha taifa, kijiji cha kuzaliwa, sahihi na mhuri wa mwenyekiti wa kijiji. Feliksi aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru sana, na alipobaki peke yake akaisukumiza chini ya kibao cha kompyuta namba tano, ambayo ilikuwa mbovu na haiguswi na mtu.

Iliguswa na Bi Hidaya siku ya kufagia. Akaikuta fomu, akaisoma, akafikiri kama mama anavyofikiri: huyu ananionea haya. Hana nauli ya kwao, au hataki kuonekana anajikweza. Hakumwambia kitu. Akaandika jina la Feliksi kwenye fomu ili akaipigishe mhuri mwenyewe. Jumamosi asubuhi akavaa baibui la Idi, akafunga kilo mbili za dagaa wa kukaanga za kumpelekea mama yake Feliksi, akapanda pikipiki mpaka Kalinzi.

Alirudi baada ya adhuhuri, vumbi mpaka kwenye kope. Wateja walikuwa wamekwenda kula. Aliweka mfuko wa dagaa mezani, mbele ya Feliksi, bila kuufungua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akakaa. "Nimezunguka Kalinzi nyumba kwa nyumba. Nimemtafuta mama yako kama niliyepoteza mbuzi. Nimeingia kwenye mashamba ya kahawa ya watu. Wananiuliza, Feliksi wa nani? Nawaambia, Feliksi wangu, fundi, mrefu. Hakuna anayekujua, baba. Hata mmoja. Mama yako yuko wapi?"

Feliksi aliutazama mfuko.

"Yuko Kagunga. Kipindupindu. Tulimzika palepale, kabla meli haijaja."

Sauti ya Bi Hidaya, ile ya kuvuka barabara, ilitoka ndogo. "Mrundi?"

"Ndiyo, mama."

"Miaka mitatu unakula kwangu."

"Ningekwambia ungekuwa umenificha. Usipojua, huna kosa."

"Kosa ninalo sasa." Akajifuta uso kwa ncha ya baibui. "Mwenyekiti wa kule ni mtu makini sana, Mungu amlaani. Aliona fomu ina jina la mtu wasiyemjua, akampigia Skolastika, namba yake ipo kwenye fomu, nikiwa nimesimama hapohapo. Nikamwambia, acha, mzee, pengine nimekosea kijiji. Akasema, mama, ndiyo maana tunahakikisha. Anasema Jumatatu watakuja watu wa uhamiaji. Njoo Ujiji, kwa dada yangu. Nyumba ina uani, hakuna anayeingia."

"Halafu?"

"Halafu... tutaona."

"Mama, mimi nimeona. Watanikuta uani kwa dada yako, watatuchukua watatu."

Usiku huo Feliksi hakufunga mzigo. Alifikiria reli, lakini kwenye reli wanaomba vitambulisho. Alifikiria boti ya kuvuka kwenda Kongo, akakumbuka kwamba Kongo nako watu wanakimbia kuja huku. Mtu wa kukimbia lazima awe na mahali akilini. Yeye akilini alikuwa na banda tu.

Jumapili akalifungua mapema na kuanza kufuta wakalimani. Kompyuta moja baada ya nyingine, akazitoa gemu zote za kutafsiriwa, na diski zao za uongo pamoja nazo, akaweka zile za Linux zenyewe, zilizotelekezwa. Bi Hidaya alisimama mlangoni.

"Mbona unatoa zile nzuri?"

"Zile zinanihitaji mimi. Hizi hazimhitaji mtu. Unabonyeza hapa, zinawaka. Jaribu."

Bi Hidaya akabonyeza. Ikawaka. Akabonyeza ya pili, nayo ikawaka.

Jumatatu wateja waliwaka zaidi.

"Fundi, huu ni upuuzi gani?" Ashraf alipiga kelele. "Mshambuliaji wangu huyu nimemuona kwenye televisheni ni kocha, ana kitambi!"

"Mimi naona iko vizuri," alisema Samson.

"Wewe nyamaza, umefurahi kwa sababu umemkuta golikipa wako. Fundi, umetuharibia banda. Umekula nini?"

Feliksi alikuwa amekaa kwenye kiti cha kando, mikono juu ya magoti. Wanaume wawili waliingia, wamevaa mashati ya kawaida yaliyopigwa pasi. Walisalimia kila mtu. Mmoja akainama.

"Wewe ndiye Feliksi?"

"Ndimi."

"Huyu ni mwanangu," Bi Hidaya alisema kutoka mlangoni. "Nimemzaa mimi. Kule kwetu Ujiji."

Yule mtu alimtazama kwa upole uliomchoma kuliko tusi. "Mama, Jumamosi ulikuwa unamtafuta mama yake Kalinzi."

Bi Hidaya akasogea kando ya mlango.

Walimruhusu achukue vitu vyake. Vilikuwa shati moja na flashi. Flashi akaiacha juu ya meza, akainuka. Kwenye kompyuta namba mbili mechi ilikuwa dakika za mwisho, mbili kwa mbili, na hakuna aliyegeuza shingo.

"Fundi," Ashraf alisema, macho kwenye kioo, vidole vinakimbia juu ya padi, "ukirudi niwekee ile ya juzi."

"Sawa," Feliksi akasema, akatoka.