Mfungaji wa Timu Pinzani

Kufuli alicheza beki wa kati tangu hajaota ndevu hadi ndevu zikaanza mvi, na muda wote huo alifunga bao moja tu. Alijifunga. Fainali, dakika za nyongeza, kwa kisigino. Washambuliaji aliowanyima usingizi hawana idadi, lakini nani hukumbuka bao ambalo halikuingia?

Tangu siku hiyo neno "kufunga" lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Mkewe, fundi cherehani mwenye mdomo usio na breki, akimwuliza tu mlangoni, "Baba watoto, umefunga?" Kufuli hununa hadi jioni.

Siku moja simu ikalia. Ilikuwa klabu iliyotwaa kombe kwa kisigino kile, kombe lake la pekee. Inasherehekea kumbukumbu ya ushindi ule, inamtaka awe mgeni rasmi.

"Wewe ndiye mfungaji wetu, mzee," mwenyekiti alisema bila haya. "Picha yako tumeichora ukutani. Tumekuvalisha jezi yetu."

"Siendi!" Kufuli alifoka baada ya kukata simu.

"Utaenda," mkewe akasema. "Timu yako imewahi kukupigia?"

Kufuli akapapasa goti lake. Alipopasuliwa goti, timu yake haikutuma hata pole. Na hamu yake ilikuwa moja tu: kabla hajafa, mtu mmoja aseme kwamba huyu alijua kuzuia.

Wakaenda. Asubuhi wakitoka, mkewe akauliza, "Umefunga?" Kufuli akampita, amevimba.

Uwanjani walimshangilia, wakamvika jezi ya adui, ikambana tumboni. Kisha mwenyekiti akatangaza kwamba mgeni rasmi atarudia bao lake. Kipa alikuwa ameshaondolewa ili mambo yawe mepesi. Wembe, mshambuliaji aliyekabwa na Kufuli siku ile, sasa babu mwenye kitambi, akasimamishwa pale pale alipokuwa.

Mpira ukapigwa kutoka pembeni, polepole, kwa heshima ya wazee. Wembe, kwa mazoea tu, akaanza kuukimbilia.

Kosa kubwa. Miguu ya Kufuli haikumwomba ruhusa. Mzee mzima akateleza kwenye nyasi, akaufagia mpira mstarini, nao ukaruka hadi hema la wageni na kutua katikati ya keki, mbele ya mwenyekiti.

Mwenyekiti, krimu hadi kwenye nyusi, akaanza kujipangusa kwa tai.

Wembe akachechemea hadi kwenye kipaza sauti, akapandisha suruali na kuonyesha kovu la ugoko.

"Hii kazi yake! Mnamwita mfungaji, mna wazimu? Siku ile mpira ulikuwa unakuja kwangu, goli liko tupu. Huyu bwana akanifikia, ndipo ukamgonga kisigino. Hajawahi kuniacha nipite. Hata leo, jamani!"

Kufuli, bado ameketi kwenye nyasi, akalia mbele za watu wote, wala hakujifuta.

Jua likizama walifika nyumbani, wakakuta mlango wazi na kuku wa jirani ametaga kwenye kochi. Mkewe akashika kiuno.

"Baba watoto! Kumbe asubuhi hukufunga?"

"Mimi sijawahi kufunga, mama," Kufuli akasema, akiliokota yai. "Kamwulize Wembe."