Mtu Asiyepekuliwa

Okwakol alibebwa mgongoni na mama yake mpaka akawa mvulana wa miaka kumi na miwili. Polio ilimkausha miguu akiwa mdogo huko Angurai, na shule ilikuwa mbali, kwa hiyo kila asubuhi mama aliinama na mtoto akapanda. Wenzake darasani hawakumwita kwa jina. "Mzigo umefika," walisema, na mwalimu naye akacheka. Siku mama alipoteleza na kuanguka naye kwenye matope, Okwakol aliapa kwamba hatapanda tena mgongo wa mtu. Toka siku hiyo alitambaa, mpaka ngozi ya magoti ikawa ngumu kama akala za mpira wa gari.

Alipokuwa mtu mzima aliteremka Busia, mpakani na Uganda, akashona viatu kando ya barabara miaka mingi, na akiba yake yote akampelekea fundi mmoja wa Malaba wa kuchomelea vyuma. Fundi akamtengenezea baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono, yenye kiti kilichotolewa kwenye basi bovu, na chini ya kiti sanduku pana la bati. Okwakol aliipaka rangi ya buluu na kuiita gari. Ukisema baiskeli, alikusahihisha mbele za watu.

Sasa, mgeni aelewe jambo moja kuhusu mpaka wetu. Kiwete aliye kwenye baiskeli ya namna hiyo hapekuliwi. Hakuna sheria inayosema hivyo. Labda askari wa geti wanaona huruma, labda wanaona haya, labda ni uvivu tu wa kumshusha mtu asiye na miguu. "Pita, mzee," wanamwambia, wa upande huu na wa upande ule, na wenye maduka waligundua jambo hilo kabla ya mapadri. Kwa hiyo Okwakol akapata kazi ya kumvushia Callistus, mwenye duka kubwa kuliko yote pale mtaani Burumba, sukari na mafuta ya kupikia kutoka Uganda. Hesbon, jitu la mabega, alimsukuma kwa nyuma mzigo ulipozidi, na walikuwa wakigawana malipo. Okwakol akamwoa Amuron, akaezeka mabati, akasomesha watoto. Watu walimpisha njiani.

Kisha wakubwa wa nchi hizi mbili wakaanza kutupiana maneno redioni. Leo huyu anasema subira ina mwisho, kesho yule anajibu kwamba mtoto akililia wembe mpe. Wanajeshi wakaletwa, wao wakakaa kwao na wetu wakakaa kwetu. Malori ya Malaba yakasimama foleni mpaka madereva wakaanza kufua nguo na kuzianika kwenye vioo. Katika simu ikazunguka video ya vifaru vikivuka mto, na ingawa miti iliyoonekana humo haijawahi kuota Busia, watu walilia na kuituma kwa wengine. Wanawake wakapeleka watoto Marachi, mbali na mpaka. Wanaume wakauza mbuzi kwa bei ya kuku. Wenye methali ya fahali wawili na nyasi wakae nayo. Nyasi huota tena.

Asubuhi moja uvumi ulisema kwamba jeshi la Uganda litavuka kabla ya jua kutua. Watu wakajaa mbele ya duka la Callistus, magodoro vichwani, hawajui wakimbie au wangoje. Callistus akamwita Okwakol.

"Mzee, wewe enda uone hao watu wamefika wapi. Wewe hawawezi kukufanyia kitu, wamekuzoea."

"Na wakipiga risasi?"

"Nani anaweza piga kiwete? Hata yeye anaogopa laana."

"Kama ni salama hivyo," Amuron alisema, "si uende wewe, Callistus? Miguu unayo."

Watu wakaguna. Lakini Okwakol alikuwa ameshageuza gari, na uso wake uling'aa. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Alifurahi. Miaka yote walimtuma sukari, na sasa walimtuma jambo la wanaume. Hesbon alisema tumbo linamsumbua, akabaki.

Askari wetu walimwinulia mnyororo. Upande wa pili, nyuma ya magunia ya mchanga, kijana mwenye bunduki alimsimamisha. Okwakol akainua mikono. Kijana akamtazama usoni, akatazama miguu, kisha akasema, "Yoga, papa."

Ilikuwa ni salamu ya Kiteso, ya kumwamkia baba. Wateso wako huku na wako kule, kwa sababu aliyechora mpaka hakuuliza mtu. Okwakol aliitikia, wakaulizana koo zao, na punde akawa anakula maharagwe na wanajeshi watano waliokuwa wameanika soksi juu ya magunia. Vifaru havikuwapo. Kulikuwa na lori moja, na lilikuwa na pancha.

"Papa," kijana alimuuliza kwa sauti ya chini, "ni kweli nyinyi watu wa Kenya mnakuja kutupiga leo?"

Okwakol alicheka mpaka akatokwa machozi. Alipoondoka walimpa pakiti mbili za biskuti za jeshi ampelekee mkewe.

Alirudi akizungusha mikono kwa kasi ambayo Burumba haikuwahi kuiona. "Hakuna vita," alipaza sauti kabla ya kufika. "Wale watoto wanatuogopa sisi. Rudisheni magodoro."

Hakuna aliyecheka. Mtu aliyeuza mbuzi watatu kwa bei ya mmoja hataki kuambiwa kwamba vita hakuna. Aliyempigia mkewe simu akilia na kumuaga hataki kurudi nyumbani jioni kula ugali. Walikuwa wameshikilia hofu yao tangu alfajiri, na sasa kiwete anawaambia waiweke chini.

"Walikuacha aje?" mmoja aliuliza.

"Nilikaa nao. Tulikula."

"Mlikula." Callistus alilirudia neno hilo polepole. "Sisi huku tunakufa na roho juu, wewe unakula nao. Na mliongea lugha gani?"

"Kiteso."

"Mnaskia? Kiteso. Hata hatujui aliwaambia nini juu yetu."

"Callistus, wewe ndio ulinituma."

"Nilikutuma uone. Sikukutuma ukae."

Hapo Hesbon, aliyepona tumbo ghafla, akapita katikati ya watu. Kifuniko cha lile sanduku kilikuwa na kitasa kigumu ambacho Okwakol na yeye tu ndio walijua kukifungua. Alikifungua. Akainua pakiti za biskuti juu, na kila mtu akaona nembo ya jeshi la Uganda.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema Hesbon.

Wanasema penye wengi pana Mungu. Siku hiyo walikuwa wengi. Walimtoa Okwakol kwenye kiti kwa kwapa na kumweka chini, na Janat, jirani yake, akamletea gunia akalie asichafuke. Callistus alisema yeye hataki fujo mbele ya duka, kwa hiyo walilikokota gari mpaka kwenye mtaro, wakalimwagia petroli. Rangi ya buluu ilitoa moshi mweusi, mipira ikapasuka mmoja baada ya mwingine. Amuron alipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Baada ya moto watu walienda nyumbani wakapika, kwa sababu jeshi halikuja. Okwakol alirudi kwake akitambaa, na magoti yalikuwa yameshalainika, yakatoka damu.

Haukupita muda wakubwa wakapeana mikono kwenye televisheni, wakacheka meno yote nje. Mpaka ukafunguliwa. Hakuna aliyemwomba Okwakol radhi, maana ili uombe radhi lazima ukubali kwamba ulikuwepo.

Aliyekuja ni Callistus, na Hesbon nyuma yake akikokota mkokoteni. Sukari yake ilikuwa imekwama Uganda, na hata mkokoteni mtupu wa mwanamume mwenye miguu miwili unapekuliwa mpaka kwenye ekseli.

"Mzee, yaliyopita si ndwele. Utakaa juu ya mzigo tu. Gari nitakununulia, tufanye kazi kidogo kwanza."

"Usiende," alisema Amuron.

Okwakol alitazama jiko. Lilikuwa limezimika tangu juzi. Watoto wao walikuwa wamelala mchana, kama wanavyolala watoto wenye njaa.

Hesbon akampa mgongo, akachuchumaa. "Panda, mzee."

Okwakol alishika vumbi kwa mikono yake mikubwa. Kisha akapanda. Watoto wa mtaa walisimama mlangoni wakitazama namna miguu ilivyoning'inia.

Wakati wa kurudi walimketisha juu ya magunia ya sukari yaliyofunikwa turubai. Getini askari alimtambua, akatafuta kwa macho lile gari la buluu, hakuliona, wala hakuuliza.

"Leo mna mzigo gani?" alimuuliza Hesbon.

"Ni huyu mzee tu, boss."

"Piteni."