Licencié wa Jules Street

Octave alikuwa na dharau ya kumtosha yeye na mtaa mzima. Aliamka nayo, akanywa nayo chai, akaenda nayo kazini Jules Street, Malvern, jijini Johannesburg, ambako alikaa pembeni mwa saluni ya mkewe Hélène akiwa na kompyuta moja, printa moja, na kiti chenye mguu uliofungwa waya. Kwenye kioo cha mbele, chini ya jina la saluni, alikuwa ameandikisha kwa rangi nyekundu: LICENCIÉ OCTAVE. FOMU, CV, TAFSIRI.

Licencié, kwa Wakongo, ni mtu aliyemaliza chuo kikuu miaka yote mitano. Si mchezo. Aliyeishia miaka mitatu ni gradué tu, na gradué, kwa maneno ya Octave mwenyewe, ni mtu aliyenawa mikono akaondoka kabla ugali haujaletwa.

Basi alidharau. Alimdharau mchungaji wao kwa kuboronga Kifaransa mimbarini. Aliwadharau Wakenya wa mabenki, walioongea Kiingereza na watoto wao kana kwamba Kiswahili kina upele. Aliwadharau wateja walioandika tarehe ya leo palipotakiwa tarehe ya kuzaliwa: "Hongera mama, kumbe umezaliwa asubuhi hii!" Aliidharau hata mashine ya kukaushia nywele, kwa sababu chumba kizima kilikuwa na soketi moja tu nzima, na kila Hélène alipotaka kuichomeka ilibidi kompyuta izimwe. "Kazi ya akili kwanza," Octave alisema, miaka sita mfululizo, na wanawake wakakaa na nywele mbichi wakingoja.

Lakini aliyemdharau kuliko wote alikuwa Placide, mtu wa Lubumbashi, mlinzi wa geti la ofisi fulani huko Braamfontein. Waliabudu kanisa moja. Placide hakuwa na maneno mengi. "Mtu gani huyu," Octave alimwambia mkewe, "anafungua geti, anafunga geti, anafungua, anafunga, na bado analala usingizi mzuri?"

Hélène aliendelea kusuka.

Mwezi wa tisa mwaka 2017 akaja kusukwa Jemimah, Mkenya, mhadhiri wa hesabu. Alikuwa anapitia karatasi ya mtihani aliyoitunga, ameiweka mapajani. Octave akapita nyuma yake, akachungulia, akaguna. Hakuweza kujizuia. "Swali la nne halina jibu," alisema. "Umesahau kuweka sharti."

Jemimah akatazama. Akatazama tena. Akacheka mpaka Hélène akamwomba atulize kichwa. "Ni kweli kabisa! Wewe umesomea wapi?" Kabla ya kuondoka akamwandikia jina la programu: honours ya hesabu, mwaka mmoja juu ya digrii ya kwanza, kwenye kile chuo kikubwa cha Braamfontein anachofundisha. Tena karo ingelipwa, mradi awasaidie wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Octave akajaza fomu kwa siri, akatuma vyeti vyake. Mwezi wa kumi na moja barua ikaja: amekubaliwa, ajibu kabla ya saa kumi jioni siku ya Ijumaa.

Hapo dharau ikapata kazi ya kufanya.

"Honours!" alimwambia kila aliyekaa kitini. "Mimi, licencié mzima, nikakae na watoto wenye hereni puani? Licencié anaenda masters. Honours ni ya watu wa nusu njia."

"Basi usiende," alisema Hélène.

"Nafikiria."

"Fikiria. Ijumaa haifikirii."

Ukweli wenyewe ni huu. Octave hakuwa licencié. Alisoma miaka mitatu Bukavu, akapata cheti cha gradué, baba yake akafariki, shule ikaishia hapo. Alipofika Johannesburg mtu kanisani alimuuliza amesoma wapi, na lile neno likamtoka lenyewe. Jumapili iliyofuata likatangazwa, watu wakapiga makofi. Angelirudishaje? Sasa honours ilikuwa ngazi ya gradué hasa. Akionekana anapanda basi la Braamfontein na daftari kwapani, watu wangehesabu miaka na kuelewa. Na aliitaka nafasi ile. Aliitaka kuliko kitu chochote tangu aondoke Bukavu. Aliogopa, basi, ila woga wake ulivaa tai.

Ijumaa saa tisa na nusu Placide akaingia, bado amevaa sare ya ulinzi, na bahasha mkononi.

"Licencié, nisaidie kidogo. Nimekubaliwa shule, natakiwa kujibu kwa mtandao. Simu yangu itaniangusha katikati."

"Shule ya nini, ya kufungua mageti mawili kwa mpigo?"

"Honours. Historia."

Octave akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, akafungua bahasha. Ndani mlikuwa na nakala ya cheti. Licence, Lubumbashi, miaka mitano, avec distinction, yaani kwa alama za juu.

"Hii ya nani?"

"Yangu."

"Wewe? Licencié?"

"Tangu 2006."

"Na miaka yote hii umenyamaza!"

"Nimwambie nani? Geti?"

Wanawake wakaangua kicheko. Octave akatafuta pa kushika. "Na wamekuweka honours! Na watoto!"

"Wamesema nianzie hapo. Nitaanzia hapo, mwaka si mmoja tu?" Kisha, kwa sauti ileile ya kuulizia saa, Placide akasema, "Na wewe, walikubali gradué yako?"

Kitana cha Hélène kikasimama.

"Gradué gani?"

"Eish, Octave. Firmin wa pale kanisani alisoma na wewe Bukavu, darasa moja. Alituambia mwezi uleule ulipofika."

"Mchungaji anajua?"

"Ndiye aliyetukataza kukusumbua."

Octave akamgeukia mkewe. Hélène hakuinamisha macho. "Hizo karatasi zako za shule nilizibeba mimi, nimezishonea ndani ya koti, Bukavu mpaka hapa. Ulidhani sikuzisoma?"

"Na bado mliniita Licencié."

"Ulikuwa unapenda," alisema Hélène.

Nyani haoni kundule. Miaka tisa, tangu afike Johannesburg, alikuwa amekaa juu ya watu akiwatemea mate, na watu walewale walikuwa wanamsitiri. Hata mlinzi wa geti. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, na hakuwa na mtu aliyebaki wa kumdharau.

Akamjibia Placide barua yake kwanza, akabonyeza, akamchapishia risiti. Kisha akafungua ya kwake. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika nane. Akasoma mistari miwili, akabonyeza.

"Sharp, safi kabisa," alisema Placide. "Kumbe tutapanda basi moja."

Hakuna aliyepiga vigelegele. Hélène alikuwa amesimama na waya wa mashine ya kukaushia nywele mkononi, mteja wake analowa mabega. Octave akainama chini ya meza, akachomoa kompyuta yake mwenyewe, akampa soketi.