Klara na Kikao cha Makaimu

Klara hakai. Ofisi ya wilaya hapa Lushoto imempa kiti kizuri cha kuzunguka, lakini kinachokikalia ni mkoba wake. Mimi wa meza ya pili nimeshazoea kumwona akienda dirishani na kurudi mlangoni, simu sikioni, akibembeleza idara hii ikubali kukaa na idara ile. Ndiyo kazi yake, uratibu. Maji wana wizara yao, barabara wana yao, misitu nao wana yao, na kila mmoja anamsikiliza bosi wake tu. Klara ndiye wa kuhakikisha hawakanyagani, na kila Ijumaa ofisi kuu ya uratibu kutoka Dodoma inampigia kuuliza wamefikia wapi.

Wiki ile alizidi. Kijijini kwao, upande wa Mponde, bomba la maji lilikuwa limeteremka kutoka msituni likakomea ukingoni mwa barabara. Zahanati iko ng'ambo ya barabara hiyo hiyo. Tenki limejengwa, koroboi za kuzalishia usiku zimebadilishwa kwa taa za umeme, kimebaki bomba kuvuka tu. Na Jumamosi asubuhi mkandarasi alikuwa anamwaga zege kwenye kona ile. Zege likishamwagwa, hakuna wa kuruhusiwa kulikata leo wala kesho.

Kwenye zahanati ile mjamzito haendi kujifungua mikono mitupu. Anakwenda na kanga, na nyuma yake wifi au shangazi anapanda kilima na ndoo ya maji kichwani. Ndoo ikiisha, mzazi analala na damu yake mpaka mtu ateremke mtoni na kupanda tena. Klara mwenyewe amewahi kuibeba ndoo hiyo. Sasa mdogo wake, Sesilia, siku zake zilikuwa zimetimia.

Ijumaa asubuhi aliita kikao. Wakuu wa idara walisema wako safarini, wakatuma makaimu, kama kawaida yao. Kaimu wa kikao, kwa wasiomjua, ni mtu anayeruhusiwa kula karanga na kuandika, ila kukubali jambo haruhusiwi.

"Sisi tunasubiri watu wa misitu waruhusu mtaro," akasema wa barabara.

"Sisi tunasubiri ramani ya watu wa maji," akasema wa misitu.

"Ramani hatuwezi kuitoa mpaka barabara watuonyeshe pa kuvukia," akasema wa maji.

"Jamani, mnajisikia mnavyosema?" Klara akauliza.

"Tutafikisha kwa wakubwa," wakajibu, wakamaliza chai ya tangawizi, wakaaga. Nilitamani niwafungie mlango.

Hawajafika getini, simu ikaita.

"Shikamoo dada," ilikuwa sauti ya Sesilia.

"Marahaba. Vipi?"

"Tumbo limeanza. Tunapanda zahanati. Wifi amebeba ndoo."

Klara alitembea mpaka nikapata kizunguzungu mimi niliyekaa. Ndipo, bila kungoja apigiwe, akampigia kwa spika Bi Mwamvita wa ofisi kuu Dodoma, mama mpole ambaye hatujawahi kumwona.

"Habari za milimani, mwanangu? Kikao kimefanyika?"

"Kimefanyika, mama."

"Idara zote zilikuwepo?"

"Zote."

"Basi naandika imeratibiwa."

Hapo huwa tunasema ahsante na kukata simu. Kwetu, watu wakishakaa meza moja, jambo limeratibiwa. Ndivyo tulivyokuta, na Dodoma wanaambiwa hivyo hivyo. Mzee Aron, bosi wetu, alikuwa amesimama mlangoni akitikisa kichwa kuitikia.

"Usiandike, mama," Klara akasema. "Wamekaa, hawajakubaliana. Kesho zege linamwagwa, maji yatabaki upande wa pili."

Bi Mwamvita akauliza, "Unajua nikiandika hivyo, wizara zote tatu zinaulizwa leo leo?"

"Ziulizwe."

Mzee Aron alisubiri simu ikatwe. "Umetuvua nguo, Klara. Wilaya nzima! Usitoke humu mpaka nirudi."

Dodoma hawakuchelewa. Simu zilipanda kwa wakubwa wa wizara, zikateremka kwa wakuu wa idara, wale wale waliokuwa safarini asubuhi. Kabla ya saa za mchana kwisha wote watatu walikuwa wamesimama kwenye kona ile, viatu vimejaa tope, na Mzee Aron katikati yao. Walikubaliana haraka kuliko makaimu wao walivyokunywa chai. Vibarua wakaanza kuchimba na kulaza bomba, mkandarasi akaambiwa angoje.

Haya tuliyapata kwa simu tu. Klara alikuwa haruhusiwi kutoka, akawa anaipima ofisi kwa miguu. Alimpigia Sesilia, simu haikupokelewa. Akampigia tena. Nilimwambia anywe maji, akanitazama kama nimemtukana.

Jioni ukungu ulipoanza kuingia dirishani, simu yake ikaita.

"Dada, ni wa kike."

"Mungu wangu! Na wewe?"

"Nipo. Ndoo iliisha mapema, dada. Nikajua ndiyo yale yale, nitalala hivyo hivyo. Halafu bomba likakohoa, likatema tope, likatema tena. Nesi akajaza beseni." Akapumua. "Dada, nimeoga."

Klara alitoa mkoba kwenye kiti, akakaa, akalia bila kujificha. Mzee Aron aliingia na suruali yenye tope mpaka magotini, akamgombeza kwa kirefu, na Klara akamsikiliza mpaka mwisho akiwa amekaa.