Kipande cha Pili cha Orodha

Siku ambayo ningependa kuisahau, mwanangu, nayo inakataa, ilikuwa Ijumaa ya mvua, saa sita mchana, nami nilikuwa na haraka. Nakueleza wewe kwa sababu umepata kazi Goma kwenye chumba cha kompyuta kubwa, na jana nilikusikia ukiwaringia wenzako kwamba mashine hazikosei. Ni kweli, hazikosei. Keti basi.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, msichana wa Nyabiondo aliyeacha jembe akaingia ofisini akijiona. Ile kompyuta ilijaza chumba kizima na kunguruma mchana kutwa. Kazi zake zilipangwa foleni, na kabla ya kila moja kuanza, mimi ndiye niliyeiandikia nafasi ya muda kwenye diski, mahali pa kutandaza majina wakati inayapanga, kama mama anavyotandaza mkeka kabla ya kuchambua maharage. Kazi ikiisha, nafasi hiyo hufutwa. Ikiwa ndogo, kazi inakwama katikati.

Wakati huo watu wa Masisi na Walikale walikuwa wamekimbia vita, wametawanyika porini na kambini. Ofisi yetu ilikusanya majina ya walioonekana wakiwa hai, mashine iliyapanga kwa herufi, na karatasi zilipelekwa vijijini kusomwa kanisani. Hakukuwa na simu mfukoni kama yako hiyo. Jina lako likisomwa, mama yako anapata usingizi; orodha ikiisha bila wewe, wanakulilia.

Ijumaa hiyo majina yalikuwa mengi kuliko siku zote, nami nikaandika nafasi ileile ya wiki iliyopita. Kazi ikakwama. Dawa yake niliijua: kufuta faili kuukuu za muda zilizojaza diski, kuongeza nafasi, kuanza upya. Ingechukua saa moja hivi. Lakini dereva wa kupeleka karatasi alikuwa akipiga honi uani, barabara ya Masisi ilikuwa tope tupu, nami nilikuwa na njaa. Nikaikata orodha vipande viwili. Cha kwanza, A mpaka M, kikapita vizuri. Nikakichapa, nikampa dereva. Cha pili kikakwama tena, nikajiambia nitakimaliza Jumatatu. Kwenye karatasi sikuandika popote kwamba kuna kipande kingine.

Jumapili katekista wa Kalembe, kijiji alikozaliwa mama, alisoma mpaka jina la mwisho. Hakuna aliyetambua kwamba majina yameishia M, maana kila mtu alikuwa akisikiliza jina moja tu, la mtu wake. Nyanya yangu, aliyemzaa mama, alisimama mlangoni akingoja la Yakobo, mwanawe wa mwisho, mjomba wangu. Akauliza kama ni yote. Katekista akageuza karatasi, akaona nyuma ni nyeupe, akasema ni yote.

Kwa watu wa nyanya, mtu akifia mbali na mwili usionekane, shina la mgomba huzikwa badala yake ili mzimu wake usizurure. Walikata shina, wakalivika shati la kanisani la Yakobo, wakalilaza kwenye shimo la urefu wake. Nyanya alinyoa nywele.

Jumatatu mimi niliongeza nafasi, kazi ikapita, na jina la mjomba nikaliona ukurasa wa mwisho. Nilifurahi, mwanangu, nikacheka peke yangu mbele ya mashine. Barabara ilikuwa imekatika, karatasi ikalala ofisini majuma matatu. Nilipopata ruhusa niliipeleka mwenyewe, pikipiki mpaka inaposhindwa, kisha miguu.

Nilifika Kalembe mchana, ukungu umekaa chini hata nyumba zikaonekana nusu. Nilisalimu, hakuna aliyeitika. Katikati ya ua alikuwa amesimama mjomba Yakobo na furushi lake, amerudi kutoka porini, amekonda, amesimama hapo tangu asubuhi. Milango yote imefungwa. Nyanya peke yake alikuwa nje, anamenya mihogo. Mwanawe alipomwita mama, alimwaga maji kidogo chini, kama tunavyowamwagia waliotangulia, akaendelea kumenya.

Nikafungua karatasi, nikasoma jina lake kwa sauti.

“Yakobo wangu iko mu udongo,” nyanya akasema bila kuinua macho. “Huyu si yeye.”

Mzee mmoja wa upande wa Walikale, anayejua mambo hayo, akaamua kaburi lifunguliwe na mjomba alitoe shina kwa mikono yake mwenyewe. Akachimba. Shati lilitokea kwanza, vifungo vimefungwa vyote. Kwenye kola, pale shingo ingekuwa, lilikuwa limetokeza jani bichi la kijani. Mjomba alilitazama, kisha akanigeukia.

“Ni weye njo unatumikaka na ile mashine?”

“Njo mimi, mujomba,” nikakiri.

“Jina yangu ilikuwa wapi?”

“Mu kipande ya pili. Ilibakia. Nafasi ilikuwa kidogo.”

Akaonyesha shimo. “Hii yenyewe iliniyenea muzuri.”

Hakunisema tena maisha yake yote. Afadhali angenipiga.

Walimwingiza mjomba nyumbani kwa kutoboa ukuta wa nyuma, maana aliyekwisha kuzikwa hapiti mlangoni, na kijiji kikaanza kumsalimu. Lakini nyanya, mpaka anakufa miaka tisa baadaye, alimpakulia chakula chake kila siku na kukiweka pale shimo lilipokuwa. Mjomba alikuwa akienda kukaa hapo, anakula, anarudisha sahani. Nimemwona kwa macho yangu.

Basi nikuambie, mwanangu. Kazi ikikwama kwa kukosa nafasi, usiikate ili ipite. Pima upya, futa yaliyokwisha, ongeza, ngoja, hata honi ipigwe mpaka betri ife. Na ukilazimika kuikata, andika kwa herufi kubwa kwamba bado haijaisha. Mashine haikosei, lakini haijui nani anangoja mlangoni.

Mungu akupe mikono isiyo na papara. Akulinde barabarani na kazini. Na siku mimi mama yako nitakaposimama kusikiliza majina, la kwako lisomwe.